Mtoto wa Mstari wa Nyuma

Wiki mbili kabla ya mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, ngazi ya wilaya, nilikuwa nikipita kati ya mistari ya kwaya yangu nimeinamisha kichwa, sikio likifika karibu na mdomo wa kila mtoto. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kumtafuta anayeharibu. Ilikuwa shule ya msingi mkoani Dodoma, mwaka wangu wa pili kazini, na niliitaka nafasi ya kwanza kwa hamu ambayo nikiikumbuka leo naona aibu. Mstari wa nyuma alisimama kijana wa darasa la sita, mrefu, kaptula imemfupia. Wenzake wote walikuwa juu, yeye yuko chini. Nikasikiliza mara ya pili. Bado chini. Nikamwambia kwa upole, maana sikuwa mwalimu mkali: "Wewe siku hiyo fungua mdomo tu, usitoe sauti."

Akajibu, "Ndiyo, mwalimu." Siku ya mashindano alifungua mdomo na hakutoa sauti. Tulishika nafasi ya pili.

Baadaye, mtama ukiwa umeshaingia ghalani, mzee jirani yangu alinikaribisha kwenye sherehe ya ukoo wao, kijiji cha pili kutoka shuleni. Usiku ukaingia, moto ukawashwa, watu wakasimama wakaanza kuimba. Wagogo wanapoimba hivyo hakuna anayegawa sauti. Mmoja anaanzisha, wengine wanaingia, kila mtu anajua pa kukaa. Katikati ya wanaume nikasikia sauti moja ya chini, imetulia, haiyumbi hata wanaoongoza wanapopanda na kushuka. Niliisikia sauti kabla ya kumwona mwenyewe. Alikuwa yule kijana wangu.

Nilirudi nyumbani usiku ule nikiwa na swali moja tu, na jibu lake nililipata polepole, kwa kuuliza waliojua kuliko mimi. Mgogo akisikia mtu ameshika noti fulani, naye akataka kumwitikia kwa chini, huruka noti moja katika ngazi ya sauti za kwao na kushika ile inayofuata. Ukifanya hivyo wimbo mzima, sauti mbili zinakwenda pamoja na zinapatana. Hakuna anayemfundisha mtoto jambo hili ubaoni. Analipata mgongoni kwa mama yake. Na ndilo alilokuwa akilifanya kwenye kwaya yangu. Nilikuwa nimewafundisha wimbo wa sauti moja, naye, kama alivyolelewa, akautilia sauti ya pili. Nilikaa na sikio langu kwenye mdomo wake nikasikia kosa.

Sura hii nzima inatokana na usiku ule. Mwalimu mwenzangu, kabla hujamnyamazisha mtoto, jua kwanza unachokisikia. Sababu zinazomfanya mtoto asilingane na wenzake ni nyingi, na kwa miaka yangu darasani sijakutana na wengi ambao sababu yao haikuweza kushughulikiwa. Wengi walikuwa wakingojea mwalimu asikilize vizuri zaidi.

Nianze na sababu iliyo kubwa kuliko zote, ambayo ni sisi wenyewe. Mwalimu anaanzisha wimbo mahali koo lake linapojisikia raha. Kama ni mwanamume, mahali hapo pako chini sana kwa mtoto wa miaka saba. Kama ni mwanamke aliyezoea kuimba sauti ya pili kanisani, bado pako chini. Watoto wanajitahidi kumfuata. Wachache wanaruka juu na kuimba wimbo uleule kwa sauti nyembamba, wengine wanaunguruma kama nyuki, na wengi wanapiga kelele, kwa sababu kelele ndiyo njia pekee ya kusikika ukiwa chini ya uwezo wako. Kisha tunasema darasa hili halijui kuimba.

Chukua simu yako utafute programu ya kusawazishia gitaa. Itakupa ile noti ya la (A) yenye mitetemo 440 kwa sekunde, ambayo wapigaji wa magitaa na fidla duniani kote huitumia kusawazisha vyombo vyao. Kwa darasa la kwanza na la pili, ichukue noti hiyo kuwa dari. Noti ya juu kabisa ya wimbo wako ifike hapo, au ipite hatua moja tu. Sakafu iwe noti ya tano ukihesabu kwa kushuka kutoka kwenye hiyo la. Ndani ya chumba hicho kidogo mtoto wa umri huo anaimba bila kuumia na bila kupiga kelele. Kuanzia darasa la nne fungua dari polepole, hatua moja moja, na ukifika darasa la tano utashangaa wanavyopanda. Ukiwa mwanamume, waanzishie kwa ile sauti yako nyembamba ya juu hata kama unaionea haya, au mchague mtoto mwenye sauti thabiti awe mwanzilishi. Mtoto humfuata mtoto mwenzake kwa urahisi kuliko anavyokufuata wewe.

Nimeona darasa la watoto sabini "wasiojua" likijua ndani ya dakika tano, kwa sababu tu wimbo ulipandishwa noti nne.

Baada ya kupandisha wimbo watabaki wachache ambao bado wako mbali. Miongoni mwao yupo ambaye hajawahi kutofautisha sauti yake ya kusemea na sauti yake ya kuimbia. Huyu usimpe wimbo kwanza. Mpe king'ora cha gari la wagonjwa. Mpe bundi. Mwambie apandishe "uuu" kutoka chini ya goti hadi juu ya kichwa, mkono ukifuata sauti, kisha ashuke nayo kama mtoto anayeteleza kwenye mchanga wa korongo. Watoto wanapenda sana mchezo huu, na koo linajifunza kwamba lina ghorofa ya juu. Fanya na darasa zima. Usimtoe mbele peke yake.

Kisha fanya jambo ambalo mimi nilichelewa mno kulijua. Mtoto akishika noti yake, noti yoyote, usimwambie apande akufuate. Shuka wewe umfuate. Iimbe noti yake pamoja naye, muda mrefu, mpaka sauti zenu mbili zikutane na kuwa kama moja. Uso wake utabadilika, maana kwa watoto wengine hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yao ikilingana na ya mtu mwingine. Baada ya hapo mpandishe hatua moja. Pumzika. Hatua nyingine. Wengine huchukua siku moja, wengine muhula.

Utaniuliza muda huo unatoka wapi, na darasa lina watoto themanini na kipindi ni dakika arobaini. Swali ni la haki. Jibu langu ni mahudhurio. Badala ya kuita majina kwa kusema, niliita kwa kuimba, kwa noti mbili, sol na mi, zile ambazo mtoto huzitumia anapomwita mwenzake aje kucheza. Naimba jina, mtoto anaimba "nipo". Watoto wanane kila kipindi, dakika tatu hazifiki. Kwa vipindi viwili kwa wiki, ndani ya wiki tano nimemsikia kila mtoto peke yake, na hakuna aliyehisi kwamba anapimwa. Nilikuwa na daftari la kurasa tisini na sita, la kawaida, lenye majina yote. Mbele ya jina niliandika neno moja au mawili: juu, chini, anaogopa, anakimbia, amekaa sawa. Daftari hilo lilinifaa kuliko kitabu chochote cha muziki nilichowahi kununua.

Kuhusu woga nitasema kidogo tu, kwa kuwa dawa yake unaijua. Darasa likimcheka mtoto anayeimba, simamisha kila kitu. Usiendelee na somo kana kwamba hukusikia. Kicheko kimoja cha darasa la tatu mtu hukibeba mpaka harusini kwake. Nimekutana na watu wazima, Wakristo kwa Waislamu, wanaosema hawana sauti, na ukiwauliza nani kawaambia wanakumbuka siku, darasa na jina la mwalimu.

Wavulana wa darasa la sita na la saba ni habari nyingine. Kwenye umri wa miaka kumi na miwili mpaka kumi na mitano zoloto linakua kwa haraka, nyuzi za sauti zinarefuka na kuwa nene, na sauti inashuka karibu oktavu nzima. Haishuki kwa utaratibu. Jana alikuwa na noti nane, leo ana nne, na mojawapo inakwaruza. Walimu wengi humpa mvulana huyu ngoma apige "mpaka sauti ikae", na mtoto anaelewa ujumbe: umetoka. Mwachie mlango wazi. Mtafutie sehemu fupi yenye noti tatu au nne anazozimudu wiki hii, mwambie wazi kinachotokea kooni mwake, mwambie kilikupata na wewe. Akitaka ngoma mpe, kwa sababu anaipenda. Kinachomharibu zaidi ni kulazimishwa kushika noti za juu za mwaka jana.

Hapa nataka nitoke kidogo nje ya darasa, nizungumzie zeze.

Ukikaa karibu na mzee anayelipiga, au anayepiga ilimba, ile marimba ya kushika mkononi ya Wagogo, sikio lako la kinanda litakwambia kuna noti imekaa vibaya. Haijakaa vibaya. Uzi wa zeze ukitetemeka hautetemeki mzima tu. Unatetemeka pia kwa nusu zake, kwa theluthi, kwa robo na kuendelea, na kila kipande kina sauti yake nyembamba ndani ya ile kubwa. Wagogo wameijenga ngazi yao ya sauti juu ya milio hiyo ya asili. Ule wa saba uko chini kidogo kuliko noti iliyo karibu nao zaidi kwenye kinanda. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliitoa milio hiyo Ugogo akaifikisha Bagamoyo, na kutoka hapo kwenye majukwaa ya Ulaya na Japani, na watu walisafiri kwenda kumsikiliza. Mtoto aliyelelewa na milio hiyo akija kwako na noti ambayo kinanda chako hakina, jiulize kwanza ametoka nje ya nyumba ya nani.

Simaanishi tutupe kinanda wala solfa. Ninaipenda solfa, na nawasihi walimu wasiojua kusoma noti za mistari mitano wasijione pungufu. Ilianza mikononi mwa mwalimu, Sarah Glover wa mji wa Norwich, Uingereza, aliyetafuta njia ya kuwafundisha watoto kuimba kwa kusoma bila kuwatisha. Mchungaji John Curwen akaiendeleza na kuisambaza, na baadaye akaongeza ishara za mkono: do ni ngumi, mi ni kiganja kilicholala kama meza, la ni mkono unaoning'inia. Zoltán Kodály wa Hungaria na wanafunzi wake walizichukua ishara hizo wakazifanya sehemu ya elimu ya muziki ya nchi nzima. Huku kwetu ilikuja na wamisheni, ikakaa, na mpaka leo kwaya nyingi zinajifunza nyimbo zao kwa herufi d, r, m, f zilizoandikwa kwa chaki. Hazihitaji umeme wala fedha. Anza na sol na mi zilezile za mahudhurio. Ziishi muda mrefu. Ongeza la, kisha do na re. Ukiwa na hizo tano umepata noti za nyimbo nyingi sana za watoto, na fa na ti zinaweza kusubiri.

Na siku unapojiona huna maana, siku mwalimu wa taaluma amekichukua kipindi chako kwa mara ya nne akawape watoto majaribio ya Hisabati, nenda mstarini kesho yake asubuhi usikilize. Muziki wa wimbo wa taifa wanaouimba watoto wako ulitungwa na mwalimu wa shule. Enoch Sontonga alifundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg na aliongoza kwaya. Alikuwa na mazoea ya kuwatungia wanafunzi wake nyimbo, akiziandika kwa solfa kwenye daftari, na mwaka 1897 akatunga "Nkosi Sikelel' iAfrika". Alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana. Miaka saba baadaye wimbo huo uliimbwa kufunga mkutano wa kwanza wa chama ambacho ndicho kilichokuja kuitwa ANC. Ukavuka mipaka, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ndio uliopokewa, kwa maneno ya Kiswahili. Sontonga hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa na watoto mbele yake, daftari, na kipindi cha kufundisha.

Wakenya nao wana habari yao inayonigusa. Uhuru ulipokaribia mwaka 1963 iliundwa kamati ya wanamuziki, mmoja wao George Senoga-Zake, kutafuta wimbo wa taifa. Muziki waliouchagua ulitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, kwenye wimbo ambao akina mama waliwabembelezea watoto. Nawaza mara nyingi kuhusu wimbo huo ulipokuwa bado ndani ya nyumba, kabla ya mtu yeyote kuona kwamba unastahili kuandikwa. Kijijini kwako zipo nyimbo za namna hiyo. Wape wanafunzi kazi moja ya nyumbani kila muhula: waje na wimbo ambao bibi anaujua na wao hawaujui. Watauimba vibaya, watakosa beti, watabishana kuhusu maneno. Somo limeshaanza.

Ukitaka chombo, anza na kilichopo. Nimeona shule ikichanga fedha za wazazi miaka miwili inunue kinanda, kikaja, kikaharibiwa na vumbi na umeme usiotabirika, kikafungiwa ofisini. Kwa fedha hizo ungepata ngoma nne, kayamba, manyanga na njuga za darasa zima, na fundi wa kuzitengeneza yuko umbali wa kutembea kwa miguu. Ngoma ya ngozi ina tabia zake, uzijue. Masika ngozi inanyonya unyevu na sauti inalegea; iweke juani au karibu na moto, mbali kiasi cha kuweza kuweka kiganja chako bila kuungua, na uigonge kila baada ya muda mfupi mpaka irudi. Usiiache hapo ukaenda kunywa chai, itapasuka. Usiilaze kwenye sakafu yenye maji. Na usimpe kila mara mvulana. Ngoma za muheme za Wagogo ni za wanawake. Wao ndio wanaozibana katikati ya miguu na kuzipiga. Nilipowaweka wasichana wa darasa la saba kwenye ngoma, mama mmoja aliyekuwa amekuja kulipa mchango alisimama mlangoni akatazama, kisha akaweka kikapu chini akaingia kuwarekebisha mikono.

Hilo linanileta kwa wazee. Mwalimu asiyejua kupiga zeze hana haja ya kujifanya anajua. Nenda nyumbani kwa anayejua. Nenda jioni, usipeleke barua ya shule yenye muhuri. Shikamoo, habari za mifugo, kaa kwenye kigoda ulichopewa, na jambo lako liseme mwishoni. Usimwombe "aje kuonyesha utamaduni" kana kwamba yeye ni maonyesho. Mwombe awafundishe wajukuu. Mwalimu mkuu aandae nauli na chochote cha mkononi, kwa sababu mzee ameacha kazi zake. Akifika darasani, mwache afundishe anavyofundisha yeye. Hataeleza. Atapiga, na kupiga tena, na watoto watatazama vidole. Mara ya kwanza nilimkatiza mzee wa watu kila dakika nikitafsiri kwa hesabu, "moja na mbili na", mpaka akaniuliza taratibu kama nami nilikuwa nataka kujifunza. Nikakaa kwenye dawati na watoto.

Uliza pia kisichofaa kuletwa shuleni. Nyimbo za jando na unyago zina wenyewe na mahali pake, na mzee atakwambia upi unaimbika mbele ya wote na upi hapana. Jibu lake ulifuate. Vivyo hivyo kwa wazazi wenye msimamo wa dini kuhusu vyombo vya muziki: usibishane nao mbele ya mtoto. Pwani nimekuta watoto waliokulia kwenye madrasa na maulidi, wana masikio makali na pumzi ndefu kuliko wanakwaya wangu wote, na wazazi wao walikubali kwa moyo mweupe dufu na kasida. Daima ipo njia ambayo mtoto anaweza kushiriki bila kumwasi baba yake.

Sasa vipindi. Somo letu limebadilishwa jina mara kadhaa. Wengine tulifundisha Haiba na Michezo, sasa mtaala mpya una Sanaa na Michezo, na kwenye ratiba mara nyingi limewekwa saa nane mchana, watoto wana njaa. Wengi wetu hata hatukusomea muziki. Tuliteuliwa kwa sababu tunaimba kanisani, ilhali wachache ndio waliopita vyuo vya Butimba au Bagamoyo. Katika hali hiyo shule inamkumbuka mwalimu wa muziki anapokuja mgeni rasmi. Unaambiwa Jumatano kwamba kufikia Ijumaa uwe umetungwa wimbo wenye jina lake na cheo chake. Utunge, ni sehemu ya kazi na watoto wanafurahia kusimama mbele ya watu. Lakini usikubali kwamba wakati wa wageni ndio pekee ambapo shule inaimba. Nilichofanya mimi, na kilisaidia kuliko malalamiko yangu yote kwenye vikao, ni kumkaribisha mwalimu mkuu kwenye mahudhurio ya kuimba ya darasa la pili. Nilimwekea kiti, nikamwomba dakika kumi. Nilipofika jina la mtoto ambaye walimu wote walijua hazungumzi darasani, nikaimba, naye akaimba "nipo". Mwalimu mkuu hakusema kitu. Muhula uliofuata kipindi changu kilihamishiwa asubuhi.

Mashindano siyapingi. Kwaya inayokwenda wilayani au mkoani lazima iwe na idadi yake na ichaguliwe, na watoto wanaopanda basi kwa mara ya kwanza kwenda kuimba hawasahau. Kenya wana tamasha la muziki lililoanza mwaka 1927, na vizazi vya walimu vimejifunza kazi humo. Ninachokuomba ni kwaya mbili. Moja ya mashindano, yenye wachache. Nyingine ya shule, isiyo na mchujo, isiyo na mstari wa nyuma, inayoimba kila Ijumaa mstarini. Na siku ukitangaza majina ya wanaosafiri, wale waliobaki wawe tayari wana wimbo wao wa kuimba Ijumaa hiyo.

Mwisho, koo lako. Nimewaona walimu wazuri wakimaliza kazi na sauti za kukwaruza, wengine na vinundu kwenye nyuzi za sauti, kwa sababu ya miaka ya kushindana na watoto tisini kwa kelele. Usishindane. Piga makofi kwa mpangilio fulani watoto waujibu kwa makofi. Ndani ya wiki watanyamaza kwa ishara hiyo. Kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi, usingoje kiu. Usiimbe pamoja na watoto wimbo mzima; imba, kisha nyamaza uwasikilize, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Ukiwa na mafua, fundisha mapigo na ngoma. Sauti ikikauka na isirudi kwa wiki tatu, nenda hospitali waangalie koo. Usijitibu kwa tangawizi ukaridhika.

Yule kijana wa mstari wa nyuma nilimwita siku ya kwanza shule ilipofunguliwa. Nilimwambia nilikosea, na kwamba alichokuwa akiimba ni sauti ya pili, na ni nzuri, na ninaitaka kwenye kwaya. Alisikiliza ameangalia chini, akasema, "Sawa, mwalimu." Hakuja mazoezini. Kwenye mahudhurio nilipoliimba jina lake alijibu kwa kusema tu, "Nipo," kavu, kama anavyojibu kwenye somo la Uraia, na sikumlazimisha. Muhula ukapita hivyo, na mwingine.

Ilikuwa darasa la saba, mwezi wa nane, mtihani wa taifa uko mlangoni. Niliimba jina lake kwa noti zilezile, na jibu likaja kutoka dirishani, likiimbwa, limekaa chini ya noti yangu palepale linapopaswa kukaa. Nikaliimba jina tena. Akajibu tena. Kwenye kwaya hakurudi, na mwezi uliofuata akamaliza shule. Daftari ninalo mpaka leo. Mbele ya jina lake neno "anaharibu" nimelifuta kwa wino, na pembeni yake nimeandika "sauti ya pili".